Ponti nzito kwa pikapu ya kooperative: inasaidia nini, na haiwezi nini



Kwa kawaida masomo yangu ni juu ya mbegu, mbolea na magonjwa ya viazi. Leo tunazungumuza juu ya gari. Kiazi kinaweza kulimwa vizuri na kuvunwa kwa wakati wake, kisha kikaoza pembeni ya barabara kwa sababu gari imevunjika. Hapo kazi ya musimu muzima imepotea. Safari ya mavuno nayo ni sehemu ya kilimo.

Katika milima ya Lubero, makooperative mingi iko na pikapu moja tu, mara nyingi Toyota Hilux iliyonunuliwa ikiwa imetumika. Inapakizwa sana, barabara ni mbaya, na siku moja ponti ya nyuma inavunjika. Ndipo mutu anasimama kwenye mukutano na kusema: "Tuitoe hii, tuweke ponti ya Land Cruiser. Ile haivunjikaki." Shauri hilo si la ujinga. Kazi hiyo inawezekana, na mafundi wetu wameifanya mara nyingi. Lakini kabla ya kutoa makuta ya wanamemba, komite lazima ielewe ponti nzito inaleta nini, na kitu gani haiwezi kuleta hata ukiilipa mara mbili.

Siku gurudumu lilituacha

Ilikuwa mwezi wa kumi na moja, mvua kila muchana. Kooperative moja ninayoisaidia ilikuwa inateremusha viazi Butembo. Mimi nilikuwa nafuata nyuma na pikipiki. Ndani ya gari kulikuwa magunia 18, na juu ya magunia watu saba: wamama wanne wenye viazi vyao, vijana wawili, na konvoyere.

Kwenye kona moja niliona gurudumu la nyuma la kushoto linatoka. Lilitoka pamoja na ngoma ya breki na kipande cha chuma kirefu kama mukono, likapita mbele ya gari, likaanguka ndani ya mufereji. Gari ikakaa kwa tumbo, ikalala upande wa mulima. Upande mwingine ulikuwa bonde.

Konvoyere alivunjika muguu. Magunia saba yalipasuka, na mengine yalingoja siku tatu chini ya shitingi iliyotoboka. Mama mumoja, mwenye magunia matatu pale, aliniuliza mbele ya watu wote: "Agronomu, ulitufundisha tusipige viazi na jembe, tusiviache juani, tusivifunge vikiwa na maji. Na hii, ulitufundisha nini?"

Sikuwa na jibu. Somo hili njo jibu langu, hata kama limechelewa.

Kesho yake tulipima magunia yaliyobaki mazima. Tunaita "gunia la kilo mia", lakini kila mumoja anajua namna tunavyoshona kichwa juu ya gunia juu ya kuongeza. Kadiri yake ilikuwa kilo 115. Magunia 18 kwa kilo 115 ni kilo 2.070. Ongeza watu saba, tuseme kilo 60 kila mutu, ni 420. Jumla ni kilo 2.490, bila kuhesabu dereva. Gari hiyo ilitengenezwa kubeba karibu tani moja, na dereva yuko ndani ya hesabu hiyo. Sisi tuliipa mara mbili na nusu.

Ponti ni nini, na sababu gani gurudumu zima lilitoka

Ponti ya nyuma ni ule muti wa chuma unaolala chini ya gari, kutoka gurudumu la kushoto mpaka la kuume. Katikati iko na tumbo la mviringo. Ndani ya tumbo kuna meno yanayopokea nguvu kutoka kardani na kuigeuza iende kwenye magurudumu. Kutoka tumbo kwenda kila upande kuna bomba nene, na ndani ya bomba kuna fimbo ya chuma inayozungusha gurudumu. Tutaiita fimbo.

Fundi muzee aliyefungua ponti yetu alinionyesha fimbo iliyovunjika. "Angalia, mwanangu," akasema. Mahali ilipokatika palikuwa na rangi mbili: sehemu moja nyeusi yenye kutu, na sehemu nyingine inayong'aa kama jembe jipya. "Hii nyeusi, chuma ilianza kupasuka zamani. Hii ya kung'aa njo ya jana. Jana imemaliza tu." Gari haikuvunjika juu ya shimo moja la barabara. Ilivunjwa na safari zote za mbele yake, gunia kwa gunia.

Fundi akaendelea kunieleza kitu ambacho kila komite inapaswa kujua: kuna aina mbili za ponti.

Aina ya kwanza iko kwenye Hilux nyingi. Hapo fimbo iko na kazi mbili: inazungusha gurudumu, na wakati uleule inabeba uzito wa gari. Gurudumu limefungwa moja kwa moja kwenye ncha ya fimbo, na rulema, ile wengine wanaita beringi, imeshika fimbo karibu na ncha. Ni kama mutu anayebeba bidon ya maji kichwani na kusukuma chukudu kwa mikono. Kwa muzigo wa kadiri anaweza. Ukizidisha, anaanguka, na bidon inaanguka naye. Fimbo ikikatika karibu na gurudumu, au rulema ikiharibika kabisa, gurudumu linatoka pamoja na ngoma ya breki.

Aina ya pili iko kwenye Land Cruiser pikapu na kwenye malori kama Fuso. Hapo kazi imegawanywa. Gurudumu linakaa juu ya rulema mbili, na rulema hizo zinakaa juu ya bomba lenyewe. Bomba njo linabeba uzito. Fimbo inapita katikati na kazi yake ni kuzungusha tu. Ni watu wawili: mumoja anabeba bidon, mwingine anasukuma chukudu. Fimbo ikikatika, gari haiwezi kwenda na nguvu ya nyuma, lakini gurudumu linabaki mahali pake. Watu wanashuka na miguu yao.

Kutambua ni rahisi. Angalia katikati ya gurudumu la nyuma. Kama kuna kichwa cha chuma kinachotokeza inje, na juu yake duara ya buloni ndogo, iko ya aina ya pili. Fundi anaweza kufungua zile buloni ndogo na kuvuta fimbo inje, gurudumu likiwa limekanyaga chini. Kama katikati ni bapa, hakuna duara ya buloni ndogo, iko ya aina ya kwanza.

Njo faida ya kweli ya ponti nzito. Pia meno yake ya ndani ni makubwa: ile duara kubwa ya meno, kwenye Hilux nyingi za zamani ni ya inchi 8, na kwenye Land Cruiser pikapu ni ya inchi 9,5. Kwa barabara zetu, tofauti hiyo ni ya maana.

Vitu vitano vya kupima kabla ya kulipa

Mutu anayeuza ponti iliyotumika atakwambia "inaingia tu". Hakuna ponti ya gari ingine inayoingia tu. Mutume mutu wa komite pamoja na fundi, na mita mukononi.

1. Upana na buloni za magurudumu. Pima kutoka mahali gurudumu linafungwa upande huu mpaka upande ule, kwa ponti zote mbili. Kama ile mupya ni pana zaidi, magurudumu ya nyuma yatatokeza, na mipira inaweza kugusa karoseri gari ikikaa chini. Kisha hesabu buloni. Hilux ya 4x4 iko na buloni 6. Land Cruiser pikapu za zamani nazo ziko na 6, lakini zile za kuanzia 1999 ziko na 5, na nafasi zake ni tofauti. Ukiweka ponti ya buloni 5 nyuma na mbele kumebaki 6, gurudumu moja la akiba halitoshi tena. Utabeba mawili, au siku moja utalala njiani.

2. Hesabu ya meno. Hili njo kosa kubwa kwa gari za 4x4. Kila ponti iko na hesabu yake: kardani inazunguka mara ngapi juu ya gurudumu kuzunguka mara moja. Ikiwa ponti ya mbele ni 4,1 na ya nyuma ni 4,3, siku utaingiza 4x4 kwenye barabara ngumu, ponti mbili zitavutana kama ng'ombe wawili waliofungwa kamba moja, na kitu kitapasuka.

Kupima si vigumu. Funga magurudumu ya mbele na mawe mazito mbele na nyuma. Weka gari bila vitesi na bila breki ya mukono. Inua gurudumu moja la nyuma na kriki, weka kigogo kinene chini ya ponti juu ya usalama, na uache lingine likanyage chini. Piga alama ya chokaa kwenye mupira na kwenye kardani. Zungusha gurudumu lililoinuliwa mara 20 kamili, na mwenzako ahesabu kardani. Gawanya kwa 10. Kardani ikizunguka mara 41, hesabu ni 4,1. Ikizunguka mara 43, ni 4,3. Tunagawanya kwa 10, si kwa 20, kwa sababu gurudumu moja limesimama na lingine linazunguka peke yake. Kwa ponti iliyotolewa kwenye gari, shika gurudumu au ngoma moja isitembee, ufanye vilevile. Mbele na nyuma lazima zilingane. Kama hazilingani, tafuta ponti ingine, au mubadilishe meno ya mbele pia.

3. Resori. Ponti inakaa kwenye vikalio vya chuma ambavyo resori inafungiwa. Nafasi kati ya resori ya kushoto na ya kuume si moja kwa gari zote. Angalia pia kama resori inapita juu ya ponti au chini yake. Mara nyingi fundi atakata vikalio vya zamani na kuchomelea vingine.

4. Breki. Ponti ya gari kubwa inakuja na breki kubwa. Hilo ni jambo zuri, lakini pompe ya breki ya Hilux haikutengenezwa kwa ajili yake. Fundi apime kama inatosha kusukuma mafuta mpaka mwisho. Angalia pia kamba ya breki ya mukono: mara nyingi ni fupi, au haina mahali pa kufungiwa.

5. Hali ya ponti yenyewe. Fungua mafuta yake, yapitishe kwenye kitambaa cheupe. Unga mwembamba wa chuma ni kawaida ya uzee. Vipande vinavyokwaruza vidole ni meno yaliyovunjika: muondoke. Mafuta ya rangi ya maziwa ni maji yaliyoingia. Vuta uzi kutoka ncha moja ya bomba mpaka ingine, juu na kwa pembeni, uone kama bomba limejikunja. Na mahali popote palipochomelewa zamani, muulize kisa chake.

Kazi ndani ya garaji: mambo ya kusimamia

Mimi ni agronomu, siwezi kumufundisha fundi kazi yake. Lakini mwenye gari anaweza kusimama hapo na kuuliza. Fundi muzuri hakasirike akiulizwa.

Kuchomelea vikalio. Moto mwingi mahali pamoja unakunja bomba, na bomba lililojikunja linakula rulema na mipira. Fundi achomelee kidogo upande huu, kidogo upande ule, aache ipoe yenyewe. Asimwage maji juu. Mwisho apime tena na uzi. Na mbele ya kuchomelea moja kwa moja, vikalio vishikwe kwa nukta ndogo tu, ponti iwekwe chini ya gari, ionekane kama iko sawa.

Pua ya ponti. Mahali kardani inaingia kwenye ponti tunaita pua. Pua ikielekea juu sana au chini sana, kardani inatetemeka na misalaba yake inakufa mapema. Kwa kardani ya kipande kimoja, uso wa pua na uso wa bwati kule mbele inapaswa kufuatana sambamba, gari ikiwa imekanyaga chini kwa uzito wake.

Urefu wa kardani. Ponti nzito iko na tumbo kubwa, kwa hiyo kardani mara nyingi inahitaji kufupishwa. Isibaki ndefu mpaka igonge bwati wakati gari inashuka kwenye shimo, na isiwe fupi mpaka itoke wakati ponti inaning'inia. Baada ya kukatwa, isawazishwe kwa tourneur mwenye mashini.

Kile chuma kidogo cha breki. Kwenye Hilux nyingi kuna fimbo nyembamba inayotoka kwenye ponti kwenda kwenye kifaa cha breki chini ya karoseri. Gari ikiwa na muzigo, kifaa hicho kinapeleka nguvu nyingi kwa breki ya nyuma. Ikiwa tupu, kinapunguza. Mafundi wengine wanakiondoa kwa sababu kinawasumbua. Msikubali. Gari tupu, yenye breki kubwa nyuma na bila kifaa hicho, itafunga magurudumu ya nyuma kwenye muteremuko wenye matope na kugeuka. Kifungwe tena na kurekebishwa.

Kupima gari. Siku ya kwanza gari itembee tupu, polepole. Gusa ngoma na tumbo la ponti na mukono: joto la kadiri ni sawa, lakini kama huwezi kuacha mukono, kuna kasoro. Baada ya kilomita 50 hivi, fundi akaze tena buloni za resori na za magurudumu. Kisha nusu ya muzigo. Muzigo kamili uje mwisho. Na mbele ya kurudisha gari barabarani, mujulishe asiransi yenu na watu wa kontrole teknik. Gari iliyobadilishwa bila wao kujua inaweza kuwaletea shida siku ya ajali.

Ponti nzito haiongezi kilo

Sasa nirudi kwa kooperative yetu. Ponti ya zamani ilikuwa imekufa, bomba lilikuwa limejikunja. Walipata ponti nzuri ya Land Cruiser ya buloni 6, hesabu ya meno ikalingana, fundi muzee akafanya kazi safi. Gari ilirudi. Wote tulifurahi, na mimi nilikuwa wa kwanza.

Wiki ya kwanza walipakiza magunia 10. Wiki ya tatu, 15. Kisha mumoja wa komite akasema maneno niliyoyasikia kwa masikio yangu: "Sasa iko na ponti ya Land Cruiser, inaogopa nini? Ongeza tu." Wakafika 20.

Haikufika miezi mitatu, dereva akasikia mulango wake hautaki kufunga. Alishuka, akaangalia. Shasi ilikuwa imepasuka nyuma ya kabini, pande zote mbili, na gari ilikuwa inaanza kukunjika katikati. Jani moja la resori lilikuwa limekatika vilevile. Ponti haikuwa na shida yoyote.

Njo somo lote hili kwa ufupi. Uzito ambao gari inaweza kubeba haupangwi na ponti peke yake. Unapangwa na shasi, resori, breki, mipira, rulema za mbele na ponti, vyote pamoja, na kile dhaifu kinasema neno la mwisho. Ukitia nguvu kimoja na kuongeza muzigo, hukuondoa kuvunjika. Umekuhamisha tu. Na tena ponti nzito yenyewe iko na kilo zake nyingi kuliko ile ya kwanza. Kilo hizo zinatoka kwenye muzigo wa viazi.

Kwa hiyo sababu nzuri ya kuweka ponti nzito ni hii: ile ya kwanza imekufa, barabara ni mbaya, na munataka gari ibebe muzigo wake ileile tani moja bila kuua mutu. Sababu mbaya ni hii: munataka kupakiza magunia 20.

Hesabu ya muzigo: fanyeni pamoja

Tafuta kibati cha gari, mara nyingi kiko kwenye mulango au chini ya kapo. Kimeandikwa uzito mukubwa wa gari ikiwa na vyote ndani. Tuseme ni kilo 2.700. Kisha pima gari tupu kwenye bascule ya depo ya kahawa au ya muchuuzi mukubwa. Tuseme kilo 1.700. Baki ni 1.000. Toa dereva na konvoyere, kilo 130. Toa gurudumu la akiba, vyombo, bidon ya mazutu, shitingi na kamba, tuseme kilo 70. Inabaki 800. Ni magunia 8 ya kilo 100 ya kweli, bila kichwa. Hakuna mutu juu.

Angalia mipira pia. Pembeni ya mupira, baada ya vipimo vyake, kuna namba ya muzigo. Namba 100 ni kilo 800 kwa mupira mumoja, 104 ni kilo 900, 108 ni kilo 1.000, 112 ni kilo 1.120. Mipira miwili ya nyuma ya namba 104 inabeba kilo 1.800 kwa pamoja, na sehemu ya uzito wa gari tupu iko tayari ndani yake. Mupira wenye namba ndogo unaweza kuharibu kazi yote ya fundi.

Na muangalie mahali gunia linakaa. Tuseme kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma kuna mita 3. Gunia la kilo 100 lililofungwa mita 1 nyuma ya ponti halikandamize ponti na kilo 100. Linaikandamiza na 133, na linainua mbele kwa kilo 33, kama mutu anayening'inia mwisho wa ubao. Mbele ikiwa nyepesi, volani haishiki. Kwa hiyo magunia yaanze karibu na kabini, chini, na bila kutokeza nyuma ya mulango wa karoseri.

Kutunza ponti, ya zamani au ya mupya

Kila wiki: angalia upande wa ndani wa magurudumu ya nyuma. Mafuta yanayoteremuka hapo yanatoka kwenye ponti, au ni mafuta ya breki. Yote mawili ni hatari, maana yanalowesha breki. Inua gurudumu, lisukume juu na chini: likicheza, rulema imechoka.

Kila mwezi: fungua buloni ya kujazia mafuta pembeni ya tumbo. Mafuta yafike kwenye mudomo wa tundu. Tumia mafuta ya ponti, mara nyingi 80W-90 yenye alama GL-5, si mafuta ya moteri.

Baada ya kuvuka mutoni maji yakifunika ponti: angalia rangi ya mafuta. Ikigeuka ya maziwa, badilisha siku hiyohiyo. Safisha pia kile kipumulio kidogo juu ya ponti. Kikizibwa na matope, joto linasukuma mafuta yapite kwenye mipira midogo ya ncha na kuingia kwenye breki.

Sauti inayoongezeka na muzigo, harufu ya kuungua, mupira unaolika upande mumoja tu: gari isimame, fundi aitwe. Kumbuka ile rangi nyeusi kwenye fimbo yetu. Chuma inaanza kupasuka mbele ya siku inayovunjika.

Maswali kwa mukutano wa kooperative

Musome somo hili pamoja, kisha mujibu na kalamu mukononi:

1. Gari yetu iko na haki ya kubeba kilo ngapi? Nani aliona kibati na macho yake?
2. Gunia letu liko na kilo ngapi kwa kweli? Tuko na balansi mahali pa kupakizia?
3. Ponti yetu ni ya aina ya kwanza au ya pili?
4. Nani yuko na haki ya kusema "basi, haiingie tena"? Na akisema, hata prezida atanyamaza?
5. Wiki za mavuno mengi, ni kooperative gani jirani tunaweza kukodi nayo Fuso, kila mumoja akilipa kwa kilo zake?

Kooperative yetu ilibishana sana juu ya swali la tano. Wengine walisema: "Kilo ambazo tulibeba safari moja, sasa safari tatu? Mazutu mara tatu?" Ni kweli, mazutu inaongezeka. Lakini mutunza makuta aliweka upande wa pili wa daftari: ponti moja, shasi kuchomelewa na kutiwa nguvu, resori, magunia saba yaliyopasuka, na hospitali ya konvoyere. Hakuna aliyeomba kuhesabu tena. Leo pikapu inafanya kazi yake: mbegu, mbolea, na mavuno kutoka mashambani mpaka depo. Viazi vingi vinateremuka na lori lililokodiwa pamoja.

Ndani ya karoseri walipiga musitari wa rangi nyekundu. Magunia hayapiti hapo. Anayelinda musitari ni yule konvoyere. Muguu wake umepona, ila anachechemea kidogo, na wakati wa kupakiza hakuna mutu anayebishana naye.